Kitenge cha Mgongo wa Kwanza

Kigali, Jumatatu 24 Julai 2023

Bamwana wangu Candide,

Yesu asifiwe. Najua kwenu Runingu mnaitikia kwa makofi na ngoma, lakini pokea tu.

Tumefika. Barabara ilitutesa kutoka Luvungi mpaka Kamanyola, vumbi la kiangazi liliingia hata ndani ya chupa ya maziwa, lakini tulipovuka mpaka gari lilikwenda kama liko juu ya meza. Délice wangu alimshika mtoto kifuani safari yote, ngozi kwa ngozi, kama walivyomfundisha Uvira. Iradukunda hakulia hata mara moja. Hilo ndilo linaniogopesha. Mtoto wa miezi mitatu anapaswa kusumbua watu ndani ya gari.

Nakuandikia kwa sababu Bertrand wako akipiga simu, Délice anamjibu "tuko sawa", halafu anakata. Watoto wetu wameoana, ndipo sisi tukawa bamwana, na wanaongea hivyo hivyo, kama watu wanaookota maneno njiani. Sisi mabibi wawili tulisoma, kila mmoja kwa shule yake, basi nitakuambia yote kwa kalamu. Dereva wa basi, Thierry, amekubali kubeba barua mpaka Kamanyola. Bertrand atazichukua pale na pikipiki yake.

Leo asubuhi dokta ametueleza. Ni mgeni, anatoka mbali, kazi yake ni mioyo ya watoto wachanga tu. Infirmière mmoja, muuguzi Kaneza, anatutafsiria. Dokta alichora kwenye karatasi. Anasema mtoto akiwa tumboni hapumui, kwa hiyo karibu na moyo kuna mshipa mdogo, njia ya mkato, damu ipite bila kwenda mapafuni. Akizaliwa, akivuta pumzi, njia hiyo inajifunga yenyewe baada ya siku chache. Minye, mimi huyu, nilisema moyoni, Mungu ni fundi. Lakini wetu alizaliwa kwa miezi saba, na njia yake ilikataa kujifunga. Damu inarudi mapafuni tena na tena, kama mto Mulongwe unavyorudi ndani ya nyumba zetu. Ndiyo maana anahema. Ndiyo maana anatoka jasho kichwani akinyonya, na mpaka leo ana kilo mbili tu na gramu mia.

Hawatampasua kifua. Watatoboa paja kwa sindano, wapitishe mrija mwembamba ndani ya mshipa, mpaka ndani ya moyo. Kwenye ncha ya mrija kuna kizibo cha waya uliofumwa. Nimekiona ndani ya kichupa, ni kama punje ya mchele. Kikifika mahali pake kinafunguka, kinaziba njia, mrija unatolewa. Wamemwandika kwa Jumatatu ijayo. Dokta mgeni anaondoka Jumamosi tarehe tano, na hapa ni yeye tu anayethubutu mtoto mdogo namna hii.

Kitenge chako iko. Nimekilaza kando ya kichwa chake azoee harufu yako. Usiwe na wasiwasi, najua desturi ya nyumba yenu: mtoto wa kwanza wa kijana hawekwi mgongoni mwa mtu, hata wa mama yake, mpaka bibi mzaa baba ambebe kwanza na kumtajia majina ya wazee. Huyu alitoka tumboni akaingia kuveze, lile sanduku la joto, akatoka humo akaingia kifuani kwa mama yake. Mgongo bado haujui. Wako unamngojea.

Piga magoti kwa ajili yetu, hata ukiongeza makofi.

Bamwana wako,
Pudentienne

*

Runingu, Alhamisi 27 Julai 2023

Bamwana Pudentienne wa rozari mbili,

Bwana asifiwe sana. Barua yako Bertrand ameileta jana, vumbi limempaka usoni kama mtu wa mashine ya unga. Niliisoma kwanza peke yangu kwenye shamba la muhogo, kisha nikamsomea jirani yangu Noella. Hakuamini. Anasema, "Moyo iko hapa, nao wanaingilia pajani? Ni kama mtu wa Uvira anataka kwenda Bukavu, anapanda boti ya Kalemie!" Nikamwambia nyamaza weye, maji ya mpunga tunayafungulia mbali na shamba na yanafika. Akanyamaza. Lakini kwa kweli hata minye sijaelewa sana.

Maharage tumevuna, si mabaya. Nimekutengea kikapu.

Neno moja, bamwana. Hao madaktari wanamwangalia moyo, vizuri. Usikubali wamguseguse mdomoni. Mdomo wa mtoto mchanga haupendi vidole vya watu. Wakitaka kuangalia koo, waambie ananyonya, hakuna shida. Ugonjwa ni wa moyo, wabaki kwenye moyo.

Kitenge nilikivaa shambani siku tatu kabla ya kukupa. Kikinuka jasho, ni jasho langu. Atalijua.

Candide

*

Kigali, Jumanne 1 Agosti 2023

Bamwana wangu,

Hawakufanya.

Tangu Jumapili mtoto alikuwa na joto. Jana asubuhi dokta wa kulaza usingizi alimfungua mdomo, aone atakapopitisha mpira wa pumzi. Akamulika taa. Akamwita mwenzake naye aangalie. Kaneza akageuka, akatuuliza kwa lugha yao, ambayo sisi wa Kirundi tunaielewa vizuri kuliko tunavyotaka: "Nani alimkata kilimi huyu mtoto?"

Bamwana, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo hakipo. Kidonda chake kimeoza, kina usaha. Ndiyo homa. Dokta mgeni hakujua mambo hayo, ikabidi Kaneza amweleze kwamba kwetu mtoto akihema, akishindwa kunyonya, watu wanasema kilimi kimerefuka, wanampeleka kwa mzee anakikata. Nilingoja atukane. Alivua miwani tu akaipangusa. Akasema mtoto huyu hana damu ya kupoteza, hata kijiko kimoja. Tena akasema, akiwa na homa hawezi kumwekea kizibo, uchafu utakaa juu yake ndani ya moyo. Sasa wanampa dawa kwenye mshipa. Homa ikitoka kabla ya Jumamosi, watafanya. Isipotoka, dokta anaondoka, na atarudi Februari.

Nikauliza, "Mtoto atafika Februari?"

Kaneza hakutafsiri swali langu.

Délice ameapa mbele ya msalaba kwamba hajui. Analia, na maziwa yamepungua. Nimefikiri sana ni nani aliyebaki na mtoto. Kwangu Mulongwe aliyekuwa anamwogesha ni mdogo wangu Josée. Na tangu mwanzo Josée ndiye alisema, "Huyu ni kilimi tu, mnahangaika bure." Jana nimemwandikia maneno ambayo sijawahi kumwandikia mtu. Nimemwambia asikanyage kwangu nikirudi. Sikumpa hata salamu, mdogo wangu wa tumbo moja.

Na weye ulikuwa umeniambia wasimguse mdomo! Nilikumbuka neno lako palepale. Nikasema, bamwana wangu Mungu amempa moyo wa kinabii.

Omba. Siku zimebaki nne.

Pudentienne

*

Runingu, Alhamisi 3 Agosti 2023

Bamwana,

Nimepata. Sina maneno mengi leo.

Nimefunga, sili wala sinywi mpaka Jumamosi jioni. Kanisani wote wanaomba. Nimewaambia ni homa, mengine sikuwaambia.

Josée usimhukumu bado. Mtu anaweza kusema jambo asilifanye. Mwingine analifanya, hasemi.

Candide

*

Kigali, Jumapili 6 Agosti 2023

Bamwana wangu Candide,

Njia imefungwa! Kula sasa, kunywa, piga makofi yote uliyonayo, leo sisemi neno.

Homa ilitoka Alhamisi jioni. Ijumaa walimwangalia kutwa nzima, haikurudi. Jumamosi saa mbili asubuhi wakamchukua. Alikuwa mdogo juu ya kitanda kile cha magurudumu kama mkate uliosahauliwa mezani. Délice na minye tulikaa kwenye benchi. Rozari ya kwanza niliisali vizuri. Ya pili nilikuwa nahesabu vigae vya chini. Ya tatu sijui nilisali nini, Mungu aliipokea hivyo hivyo.

Baada ya saa moja na nusu dokta mgeni akatoka, kofia mkononi, akatuita mbele ya skrini. Picha ya kwanza: unaona damu inapita pasipo pake, inakimbia kama moshi kwenye nyasi za paa. Picha ya pili: punje ya mchele imekaa, na moshi hakuna. Délice aliuliza, "Na mrija?" Akamwonyesha mikono mitupu. Ulishatoka. Pajani kuna kitundu cha sindano tu na bandeji. Dokta alitupa mkono, akaenda moja kwa moja kwenye ndege yake. Hata jina lake sikuweza kulitamka vizuri kumshukuru.

Mchana mtoto alisumbua kidogo, sasa ametulia. Walimwongezea damu kidogo apate nguvu. Kitenge chako kilipata doa. Nimekifua mara mbili, doa halijatoka lote. Tutaongea nikirudi.

Mkono umechoka, nisamehe.

Pudentienne

*

Runingu, Alhamisi 10 Agosti 2023

Bamwana Pudentienne,

Kaa chini kwanza. Kama Délice iko karibu, toka nje.

Ni minye. Kilimi ni minye. Josée hana kosa, hajui lolote.

Unakumbuka Jumapili ya kwanza ya Julai, Délice na Bertrand walipokuja kwangu? Délice alikuwa hajalala wiki nzima. Nilimwambia, lala mwanangu, nampeleka mtoto apate hewa. Nikamfunga kifuani, nikapanda pikipiki ya mtu mpaka Luvungi, kwa mzee Nyandwi. Watu wote wa bonde wanasema ana mkono mwepesi. Nilimshika kichwa minye mwenyewe. Ilikuwa muda wa kusema nusu ya Baba Yetu. Alilia sauti ndogo, kama mtoto wa paka. Mzee akampaka dawa, tukarudi. Délice alikuwa bado amelala. Alipoamka nikampa mtoto wake, nikamwambia, "Ameburudika."

Usifikiri sikumpenda. Nilizaa saba, wawili walikufa kabla ya kutambaa. Wote wawili walikuwa wanahema hivyo, jasho kichwani hivyo. Mama mkwe wangu alisema, "Ungewakata kilimi wangepona." Neno hilo nimelibeba miaka thelathini. Nilipomwona Iradukunda nikasema, huyu wa tatu hafi kwa uzembe wangu. Sasa nasoma barua yako ya ule mshipa uliokataa kujifunga, nawafikiria wale wawili. Labda. Mungu anajua. Mimi sikupata mtu wa kunichorea kwenye karatasi.

Ndiyo maana niliandika wasimguse mdomo. Ukanijibu nina moyo wa kinabii. Ungenitukana ningelala.

Mwandikie Josée leo, kabla ya kunijibu minye.

Na ule mgongo: nimemshika kichwa mbele ya wembe, sijui kama bado ni haki yangu. Kitenge mpe Délice, ambebe yeye kwanza. Desturi haitakufa kwa hilo. Kamanyola sitakuja kuwapokea, nitasikia kwa Bertrand.

Candide

*

Kigali, Jumanne 15 Agosti 2023

Bamwana,

Nilikukasirikia siku mbili. Nilitembea kwenye ua wa hospitali nikikugombeza kwa sauti, mpaka mlinzi akaniuliza, "Mama, unaongea na nani?" Nikamwambia, "Na bamwana wangu." Akasema, "Basi endelea, hata minye ninaye wangu."

Josée nimemwandikia Jumamosi, nimemwomba msamaha. Alipiga kwenye simu ya Délice, akasema neno moja, "Nimesikia." Akakata. Ni haki yake. Nikifika nitakwenda kwake kabla ya kufungua mlango wangu.

Leo ni sikukuu ya Mama Maria kupalizwa mbinguni. Nilikwenda kwenye misa ya asubuhi, kanisa liko karibu na hospitali. Walipoinuka kupokea komunyo, miguu yangu ilikataa. Nilibaki nimekaa, watu wananipita magotini. Hasira juu yako ilikuwa imeshapungua. Kilichonikalisha ni kwamba nakukasirikia kwa siri yako, na minye nina yangu.

Sikiliza.

Siku ile ya kizibo, Kaneza alituambia: kwa muda wa saa sita alale chali, mguu umenyooka, asikunje paja kabisa. Alisema mara tatu. Nilimjibu ndiyo mara tatu. Mchana Délice akatoka kujikamua maziwa. Mtoto akaamka, akalia. Candide, alilia! Tangu azaliwe nilikuwa sijamsikia akilia hivyo, ilikuwa tu ile sauti ya paka unayoijua. Siku ile alilia kama mtoto wa mtu, kilio cha kuamsha nyumba ya tatu. Minye miezi mitatu nilikuwa nakingojea kilio hicho. Mikono yangu haikuniuliza. Mtoto akilia anakwenda mgongoni, sijui njia nyingine, nimelea hivyo watoto wangu wote na wa majirani. Nikainama, nikamweka, miguu huku na huku kiunoni, nikafunga kitenge chako, nikaanza kumbembeleza. Nikamwambia, "Nyamaza, bibi yako Candide anakungojea Runingu." Akanyamaza. Nilikuwa na furaha, siwezi kukuficha.

Halafu nikasikia joto kiunoni. Nikacheka, nikasema, leo umejua na kukojoa.

Ilikuwa damu. Pale walipopitisha mrija pamefunguka. Kaneza alimnyakua, akamlaza, akabana paja lake kwa vidole viwili, dakika ishirini, macho kwenye saa. Mtoto alikuwa na rangi ya majivu. Walimwongezea damu, vijiko vitatu labda. Ndiyo ile niliyokuandikia kwamba ni ya kumpa nguvu. Walirudia picha, kizibo hakikusogea, Mungu asifiwe. Délice aliingia na chupa ya maziwa mkononi, akaona yote. Hakuongea nami mpaka kesho yake jioni, aliponiambia, "Mama, nishikie kikombe." Nilikishika kama kalisi.

Dokta alisema mtoto hana hata kijiko cha kupoteza. Weye ukachukua kijiko, na minye nikachukua changu. Wote wawili kwa kumpenda haraka haraka.

Tena mgongo wa kwanza ulikuwa wako, nimekuibia. Nilitaka kukaa kimya, doa niliseme ni dawa.

Sasa habari yake: ana kilo mbili na gramu mia nne. Ananyonya mpaka analala bila jasho. Jana kidonda cha koo wamekiangalia, kimekauka. Pajani kuna uvimbe wa bluu unaopungua, Kaneza anasema asibebwe mgongoni mpaka mwezi huu uishe, na safari hii nimemwomba aniandikie kwenye karatasi.

Ijumaa tunatoka, tunalala Bugarama. Jumamosi tutakuwa Kamanyola saa nne asubuhi. Siri yangu Délice anaijua. Yako haijui, na si minye wa kuisema.

Njoo, Candide.

Pudentienne

*

Runingu, Alhamisi 17 Agosti 2023

Bamwana wangu,

Nimesoma nikacheka, nikasoma nikalia, Noella akauliza, "Hiyo ni barua ao ni pilipili?" Sikumsomea. Hii ni yetu.

Umeuliza, sivyo, ingawa hukuandika swali. Nakujibu. Mgongo si kitenge tu na miguu huku na huku. Kwetu mgongo wa kwanza ni majina. Weye majina ya wazee wetu hukuyajua, ulitaja moja tu, langu. Basi jina moja limeshatajwa. Siku ikifika nitaanzia pale ulipoachia. Mwezi uishe kwanza, kama Kaneza alivyosema. Nimeweka alama ukutani kwa mkaa.

Kitenge usikifue tena.

Bertrand nimemwambia jana. Alikuwa anakaza mnyororo wa pikipiki. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza yote, mzee Nyandwi, wembe, "ameburudika". Akaondoka, nikasikia pikipiki inakwenda upande wa mto. Alirudi jua likizama, akala bugali na ndagala, sahani yote, mimi nimesimama. Halafu akasema, "Mama, Délice utamwambia mwenyewe. Minye nitakupeleka tu." Nikasema, "Ndiyo, baba." Nilimwita baba, mtoto niliyemzaa.

Na jana hiyohiyo Noella alikuja na mjukuu wake anayekohoa, anataka nimsindikize Luvungi. Nilimwonyesha mguu wangu, nikamwambia, njia ya zahanati ndiyo mguu huu unaijua sasa. Alinuna, lakini alikwenda huko.

Jumamosi nitakuwa Kamanyola kabla ya saa nne. Nitakuja na kikapu chako cha maharage na maji ya kunawa mikono. Délice akishuka, nitamwambia kabla sijanyoosha mikono. Akinipa mtoto, nitampokea kifuani. Asiponipa, nitabeba mizigo.

Bamwana wako,
Candide